Oili ya gari la gesi ikibaki safi, uendelee nayo mpaka lini?

Swali: "Gari langu lina injini ya petroli ya silinda nne, lita 1.5. Miezi minane iliyopita nilifunga mfumo wa gesi asilia, na sasa natembelea gesi karibu muda wote. Petroli ni ya kuwashia tu asubuhi. Kazi yangu ni kubeba abiria mjini, kwa hiyo foleni ni nyingi na injini huunguruma muda mrefu gari likiwa limesimama. Zamani nilikuwa namwaga oili kila kilomita 5,000, na ilikuwa inatoka nyeusi. Safari hii nimefika kilomita 9,000, nikichomoa kijiti oili bado ina rangi ya dhahabu. Fundi mmoja anasema kwa gesi naweza kufika 15,000 bila wasiwasi. Mwingine anasema gesi ina moto mkali, niweke 20W-50 ya dizeli. Wa tatu anasisitiza oili maalumu ya injini za gesi. Tangu nimwage mara ya mwisho nimeongeza nusu lita, na asubuhi injini inachelewa kutulia. Nimsikilize nani?"

Jibu: Imwage wiki hii. Nalitanguliza hilo kwa sababu maelezo ni marefu, na sipendi uendelee kubeba abiria na oili hiyo wakati bado unayasoma. Mafundi wako watatu kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi, ndiyo maana wanakuchanganya. Kinachokusumbua hasa ni kwamba alama uliyozoea kuitegemea, yaani weusi, imetoweka, na hujui uangalie nini badala yake.

Tuanze na huo weusi. Petroli huingia kwenye injini ikiwa matone. Injini ikiwa bado ya baridi, baadhi ya matone hugonga kuta za silinda kabla hayajageuka mvuke, yanaungua nusunusu na kuacha masizi. Masizi hayo, pamoja na petroli isiyoungua, hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka kwenye sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini. Gesi asilia, ambayo sehemu yake kubwa ni methani, inaingia ikiwa tayari ni gesi, inachanganyika vizuri na hewa, na karibu haitoi masizi. Oili yako imebaki ya dhahabu kwa sababu kitu kilichokuwa kinaitia rangi hakipo tena. Kuchoka inachoka kama kawaida, tena kwa njia ambazo macho hayazioni. Kwa sababu hiyohiyo, lile jaribio la kudondosha tone la oili kwenye karatasi na kuangalia duara lake halikusaidii sana kwenye gesi: linapima zaidi jinsi oili inavyobeba masizi.

Adui mkubwa kwenye injini ya gesi anaitwa nitresheni. Karibu asilimia 78 ya hewa inayoingia kwenye silinda ni nitrojeni. Kwenye joto la mwako, sehemu ndogo ya nitrojeni hiyo huungana na oksijeni na kuwa oksidi za nitrojeni. Kila pistoni inaposukumwa chini, moshi kidogo hupenya kwenye pengo la ringi na kuingia kwenye chumba cha krenki, ukibeba oksidi hizo. Humo hukutana na ukungu wa oili na kushambulia molekuli zake. Kinachozaliwa ni asidi na viini vya kunata, ambavyo baadaye hushikana vikawa vanishi: utando wa kahawia unaoganda kwenye sketi za pistoni, kwenye mifereji ya ringi na chini ya kava la valvu. Ringi zikianza kukwama kwenye mifereji yake, moshi unaopenya unaongezeka, na nitresheni nayo inaongezeka. Mzunguko huo ukishaanza haurudi nyuma wenyewe.

Mambo mawili huuchochea, na yote mawili yako ndani ya uwezo wako. La kwanza ni mchanganyiko wa gesi na hewa. Oksidi za nitrojeni hutengenezwa kwa wingi zaidi pale hewa inapozidi kidogo, kama asilimia 5 hadi 10 juu ya kiasi kinachohitajika. Kwa bahati mbaya, hapo ndipo hasa mfumo wa kufungwa baadaye unapoangukia ukipunguzwa gesi ili gari "lile kidogo". Mwombe aliyekufungia mfumo aunganishe kompyuta na akuonyeshe marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza, gari likiwa kwenye petroli, kisha kwenye gesi. Namba zikibaki kati ya -5 na +5 kwa mia, mambo ni mazuri. Zikivuka +10 zikiwa kwenye gesi, kompyuta ya gari inahangaika kuziba upungufu wa gesi, na mfumo unatakiwa kupangwa upya.

La pili ni joto la oili. Wengi hudhani oili ikiwa ya baridi zaidi ndiyo inadumu zaidi. Kwenye nitresheni ni kinyume: oili isiyofikia joto lake la kazi huzishikilia oksidi za nitrojeni na maji, wakati oili yenye joto la nyuzi 90 hadi 100 huyatoa maji kama mvuke, na mvuke huo huvutwa nje na valvu ya PCV, ile inayotoa moshi na mvuke kwenye chumba cha krenki. Kama kuna fundi aliyewahi kukutolea thamostati ili "injini ipoe vizuri", irudishe. Kuitoa ni miongoni mwa mambo yanayoiua oili ya gari la gesi kimyakimya. Na valvu ya PCV yenyewe, kifaa kidogo cha bei ndogo, itikise ukiwa umeichomoa: ya aina ya kawaida hulia kakaka ndani. Ikiwa kimya au imejaa utando, badilisha.

Joto likizidi napo kuna gharama yake. Oksidesheni, yaani oili kuungana na oksijeni ya hewa, huenda kasi karibu maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Matokeo yake ni yaleyale ya kunenepa, asidi na utando. Kwenye petroli unene huo hujificha, kwa sababu petroli inayochuruzika kwenye sampo huifanya oili iwe nyepesi. Kwenye gesi hakuna cha kuipunguza, kwa hiyo oili ya gesi iliyozeeka huwa nzito. Usishangae basi ukiimwaga na kuona inatoka taratibu kuliko ulivyozoea, rangi ikiwa bado inavutia.

Kuna pia suala la maji, ambalo watu hulisahau. Kilo moja ya methani ikiungua kikamilifu hutoa kilo 2.25 za maji. Kilo ya petroli hutoa kama kilo 1.3. Ukilinganisha kwa kiasi kilekile cha joto, gesi inatoa maji karibu mara moja na nusu ya petroli. Mengi hutoka nje kupitia ekzosi, lakini sehemu hupenya kwenye ringi. Asubuhi, kuta za injini zikiwa baridi, mvuke huo hugeuka matone, unachanganyika na asidi niliyoitaja na kumaliza akiba ya besi iliyo kwenye oili. Akiba hiyo ndiyo TBN, namba inayoonyesha oili bado ina uwezo gani wa kuua asidi. Ikiisha, asidi huanza kula bearingi na vyuma vingine. Ukifungua kifuniko cha kujazia oili ukakuta utando mweupe kama mayonezi, hayo ndiyo maji yenyewe. Kwa gari la safari fupifupi, utando mwembamba unaotoweka baada ya safari ndefu si wa kutisha. Ukiwa mzito, na maji ya rejeta nayo yanapungua, ni habari nyingine, nitaigusa chini.

Sasa fundi wa "moto mkali". Kipimo cha nadharia cha joto la mwali wa methani hewani ni karibu nyuzi 1,950, na petroli iko juu yake kidogo. Kwa hiyo gesi haina moto mkali kuliko petroli. Alichokiona ni valvu zilizoungua, na hilo ni kweli hutokea, ila chanzo ni kingine. Methani huungua polepole. Taiming ya plagi isiposogezwa mbele, mwako unakuwa bado unaendelea valvu ya ekzosi inapofunguka, na joto lote linapitia pale. Halafu petroli ikigeuka mvuke hupoza hewa inayoingia, lakini gesi haina cha kugeuka. Na viti vya valvu hukosa ule utando mwembamba wa mabaki ya mafuta uliokuwa unapunguza kugongana kwa chuma na chuma. Matokeo yake viti huliwa, valvu huzama taratibu kwenye silinda hedi, na nafasi ya valvu, yaani uwazi mdogo kati yake na kinachoisukuma, hupungua mpaka valvu isiweze kufunga kabisa. Oili ya 20W-50 haigusi hata kimoja kati ya hivyo.

Badala yake inakuongezea shida. Oili nzito huchelewa kufika kwenye kemishafti asubuhi, na ndipo uchakavu mwingi unapofanyika. Ya dizeli ina jingine: visafishaji vingi vya kalsiamu na magnesiamu, vilivyowekwa kupambana na masizi na asidi ya salfa. Gesi asilia haina masizi, na salfa yake ni kidogo sana. Kidogo cha oili hiyo kinachoungua kwenye silinda huacha majivu juu ya pistoni, kwenye plagi na kwenye valvu. Majivu yakirundikana huwaka kama kaa na kulipua mchanganyiko kabla ya wakati wake, na mengine huziba masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi.

Je, basi oili isiyo na majivu kabisa? Hapa ndipo fundi wa tatu anapopatia nusu. Zipo oili za injini za gesi, lakini haziko za aina moja. Zile za mitambo ya kufua umeme zina majivu kidogo sana, mara nyingi chini ya asilimia 0.5, na TBN ndogo, kwa kuwa injini hizo hukimbia kwa mzigo uleule mchana na usiku zikiwa na sampo kubwa. Zile za malori na mabasi ya gesi hufuata viwango vya watengenezaji wake, kama CES 20074 ya Cummins. Kwa injini ndogo ya petroli inayowaka na kuzimwa mara nyingi kwa siku, oili ya mtambo wa umeme itaishiwa nguvu ya kupambana na asidi mapema, na majivu machache mno huviacha viti vya valvu bila kinga. Unachohitaji kiko katikati.

Kwa gari lako, anza na kitabu cha gari. Kikisema 5W-30 au 5W-40, tafuta sintetiki kamili yenye API SP au ACEA C3, alama za viwango vya ubora zinazoandikwa kwenye dumu. Kiwango cha C3 kinabana majivu yasizidi asilimia 0.8 na wakati huohuo kinadai oili ibaki nene ya kutosha kwenye joto kali. Kiwango cha A3/B4, ambacho utakikuta kwenye madumu mengi, kinaruhusu majivu hadi asilimia 1.6, hakiharibu injini kesho, ila kama C3 ipo na kitabu hakiikatai, chagua C3. Kitabu kikidai 0W-20, usiruke kwenda 40, kwa sababu pampu na vijia vya oili vya injini hiyo vilipimwa kwa oili nyepesi. Ukikuta dumu lina picha ya mtungi wa gesi, ligeuze usome nyuma. Bila alama ya API au ACEA, picha haina uzito wowote. Napendelea sintetiki kwa sababu mafuta yake ya msingi yana molekuli chache za aina inayoshambuliwa kirahisi na nitresheni na oksidesheni. Kwa kazi yako tofauti hiyo inaonekana.

Umwage kila baada ya kilomita ngapi? Kilomita zinakudanganya, hesabu saa. Gari la foleni likiwa na wastani wa kilomita 20 kwa saa, kilomita 9,000 ni saa 450 za injini kuwaka. Saa hizohizo kwenye barabara kuu kwa mwendo wa 70 zingekuwa kilomita 31,500. Hakuna fundi angekushauri ufike huko na oili moja, lakini injini yako imeshafanya kazi ya muda huo. Kwa hali yako napendekeza saa 250, ambazo ni kama kilomita 5,000, filta ikibadilishwa kila mara. Kama dashibodi yako inaonyesha wastani wa mwendo, gawanya kilomita ulizotembea kwa wastani huo upate saa. Dereva wa safari ndefu anayetumia gesi anaweza kubaki kwenye kipindi cha kitabu, hata 10,000, bila tatizo. Yule wa 15,000 kwa foleni, hapana.

Ukitaka kujua ukweli wa gari lako badala ya makisio yangu, peleka sampuli maabara ya oili. Endesha mpaka injini ipate joto, fungua nati ya sampo, iache ya mwanzo itoke, kisha kinga mililita 100 za katikati kwenye chupa safi na kavu. Peleka pia sampuli ya oili mpya ya dumu lilelile, maana bila ya kulinganisha namba nyingi hazina maana. Omba mnato kwenye nyuzi 100, TBN, TAN (kiasi cha asidi), oksidesheni na nitresheni kwa kipimo cha infraredi, maji na metali. Mnato ukiwa umepanda kwa asilimia 20, au TBN imeshuka chini ya nusu ya ile ya oili mpya, umechelewa. Nitresheni ikikaribia 25 kwa kipimo cha abs/cm, fupisha kipindi. Silikoni ikiwa juu, kagua filta ya hewa kabla hujailaumu oili. Sodiamu au potasiamu zikiongezeka, mara nyingi kulanti, yaani maji ya rejeta, inavuja ndani.

Siku ya kumwaga, tumia dakika mbili kuangalia ndani. Fungua kifuniko cha kujazia, mulika kwa tochi kemishafti na chuma kilicho pembeni yake, kisha pitisha kidole kilichofungwa kitambaa. Oili inayofutika ikaacha chuma cheupe ni dalili njema. Rangi ya kahawia kama chai kavu ambayo haifutiki hata ukisugua ni vanishi, na umeipata kabla haijawa nyingi. Usikimbilie dawa kali ya kuoshea injini, kwani inaweza kubandua tope kwa mkupuo likaziba chujio la pampu. Weka oili nzuri, imwage baada ya kilomita 2,500, rudia hivyo mara moja tena, kisha urudi kwenye saa 250. Visafishaji vya oili mpya vitaubandua utando kidogokidogo. Mwaga injini ikiwa ya moto, gari likiwa mahali tambarare, liache lichuruzike dakika 15. Weka washa (pete ya kuziba) mpya kwenye nati ya sampo, paka oili kwenye raba ya filta, ikaze kwa mkono robo tatu ya mzunguko baada ya raba kugusa. Ukishajaza, washa, zima, subiri dakika tano ndipo usome kijiti.

Nusu lita kwa kilomita 9,000 isikunyime usingizi. Ni matumizi madogo sana. Ikifika lita moja kwa kila kilomita 1,000, au ukiona moshi wa bluu, hapo ringi au sili za valvu zinahitaji fundi, na kupima kompresheni ndiyo hatua ya kwanza.

Injini kuchelewa kutulia asubuhi sidhani kama ni oili. Kumbuka kwamba inawaka kwa petroli, na mfumo hugeuza kwenda gesi baada ya maji kupata joto. Petroli iliyokaa miezi kwenye tangi huchacha, na nozeli zisizofanya kazi hujifunga gundi. Weka petroli mpya, usiruhusu tangi lishuke chini ya robo, na tembea nayo kilomita 20 hivi kila wiki. Angalia plagi pia: gesi inahitaji umeme mwingi kuwaka, na pengo la plagi likiwa kubwa injini inamisi. Mifumo mingi ya gesi hutaka milimita 0.7 hadi 0.8. Kisha omba nafasi za valvu zipimwe kwa fila geji injini ikiwa ya baridi, maana miezi minane ya kazi yako inatosha kwa viti laini kuanza kuliwa. Andika namba za kila valvu ukazilinganishe baada ya kilomita 20,000. Ya ekzosi inayozidi kubana ndiyo ya kuwahi. Kama injini yako ina tapeti za haidroli, kuliwa huko hujificha mpaka tapeti ziishiwe nafasi, na hapo kipimo cha kompresheni ndicho kitakachosema.

Kuna oili nyingine ambayo haitoki kwenye injini yako kabisa. Kompresa za vituo vya kujazia gesi huacha oili kidogo ikapita na gesi, nayo hujikusanya kwenye filta ya gesi, kwenye rejuleta na kwenye nozeli za gesi. Filta hiyo ibadilishwe kwa ratiba ya mfumo wako. Usiifungue mwenyewe, wala usimwachie fundi wa oili, kwa sababu upande wa mtungi una shinikizo la bar 200. Hiyo ni kazi ya fundi aliyeidhinishwa.

Zima injini na usiendelee na safari kama taa ya oili imewaka, au kuna mlio mzito wa kugonga kutoka chini ya injini. Maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja nje huku oili ikigeuka ya maziwa, nenda gereji siku hiyohiyo: gasketi ya silinda hedi ndiyo ya kushuku kwanza. Mwambie fundi akague pia rejuleta ya gesi, kwa kuwa hupashwa joto kwa maji hayohayo ya injini na ikipasuka ndani inaweza kuyapitisha kwenye njia ya gesi. Ukisikia harufu ya gesi ndani ya gari, simama mahali pa wazi, zima, shusha abiria, funga valvu ya mtungi kwa mkono na umwite aliyekufungia mfumo aje hapo ulipo.